Shemeji Nyuzi, Aliyetundika Kichanja Changu Ukutani

Ndugu waombolezaji, wafiwa, majirani, mafundi wenzetu, na ninyi mliokaa kule nyuma ambao mmekuja kwa sababu mlisikia nitasoma mimi, naomba utulivu. Nimepewa kazi ya kusoma historia ya marehemu kwa niaba ya familia, na ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna mwingine hapa anayeiweza, kwa kuwa mimi niliyashuhudia yote kwa macho yangu haya mawili, kwenye ndoa nilikuwepo, kwenye kazi nilikuwepo, kwenye ugonjwa nilikuwepo, na saa ya mwisho chumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Hata kuzaliwa kwake naweza kusema nilikushuhudia, ingawa mimi nilizaliwa miaka sita baadaye, maana mama yake alikisimulia kisa kile mbele yangu mara nyingi hadi nikawa namsahihisha akikosea.

Dada wa marehemu, ambaye watoto wanamwita shangazi na mimi namwita dada pale anaponitazama vibaya, aliisoma rasimu hii jana asubuhi akaniuliza, "Hii ni historia ya marehemu au ni kesi?" Nikamwambia, "Dada, ni vyote viwili." Hakucheka. Basi simfichi mtu. Marehemu alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwenzangu wa karakana kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na miwili ya mwisho tulikuwa na ugomvi mmoja tu, ambao haukuisha, juu ya kichanja kinachobeba mabapa ya visu ndani ya tanuri, kiwe cha nini, cha chuma au cha tofali. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Keshokutwa Jumatatu binti yake mkubwa atawasha tanuri lile peke yake kwa mara ya kwanza, na ndani yake kutakuwa na mabapa thelathini na sita ya chama cha wachinjaji, ambao wametuvumilia kwa ajili ya jina la baba yake, na yakitoka yamepinda watakwenda kwingine, na karakana itageuzwa stoo ya viti vya kukodisha, mwenye jengo ameshapita mara mbili kupima kwa macho. Binti amesema atafuata neno la mwisho la baba yake, na neno hilo aliyelisikia ni mimi. Kwa hiyo nisikilizeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, saa kumi na mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano, na mama yake alisema hakulia, alikunja uso tu akawatazama waliomo kana kwamba wamemchelewesha, uso ule ule aliokuja kunionyesha mimi kila siku saa moja na nusu asubuhi nilipofungua mlango wa karakana.

Alianza elimu ya msingi Januari 1971 akaimaliza mwaka 1977, akaendelea na sekondari mwaka 1978 hadi 1981, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kwa miaka miwili, akafuzu kazi ya kufua na kukaza vyuma tarehe 25 Novemba 1983, na cheti chake alikiweka kwenye fremu ya kioo, akakifuta vumbi kila Ijumaa. Mimi niliacha shule darasa la sita, si kwa uhaba wa akili, mwalimu mwenyewe alisema akili ninazo ila hazikai mahali pamoja, na marehemu hakuacha wiki ipite bila kunikumbusha. Ukimpelekea wazo lolote, hata zuri, alikuwa anauliza, "Nyuzi ngapi?" yaani nyuzi za joto. Dada yangu akimpa chai, aliipuliza akauliza nyuzi ngapi. Ndivyo alivyopata jina la Nyuzi, na aliyempa ni mimi, yupo mtu anayedai alimpa yeye, amevaa shati la kijani, ajue namwona.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha springi za malori, idara ya matanuri, akafanya kazi kwa miaka kumi na miwili na miezi minane bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo wenzake walimchukia kwalo kwa haki kabisa, mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 13 Desemba 1996. Akiwa huko ndipo alipofunga ndoa na dada yangu, Jumamosi tarehe 12 Septemba 1992, ndoa ambayo mimi niliipinga, na sioni aibu kusema, niliipinga mezani, niliipinga mlangoni, na siku yenyewe niliipinga nikiwa nimevaa suti. Alipokuja kujitambulisha nilimuuliza, "Dada yangu utamtunza?" Mtu mwingine angejibu kwa maneno matamu. Yeye alifikiri, akasema, "Sijawahi kuunguza kitu." Dada yangu alicheka mpaka akamwaga chai, na hapo nikajua nimeshindwa.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, binti yao mkubwa aliyezaliwa tarehe 4 Novemba 1994, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 20 Julai 1998, ambao wanafanya kazi ofisini na mikono yao ni safi, hatuwalaumu.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1997 marehemu na mimi tulifungua karakana yetu, yenye mlango wa bluu, kati ya duka la rangi na kibanda cha fundi saa, yeye akiwa mtu wa moto na mimi mtu wa kuchomelea, ndipo watu wakaniita Cheche, na tukawa tunatengeneza visu vya wachinjaji, vya mafundi ngozi na vya majiko makubwa. Kwa miaka kumi na minne tulitumia moto wa mkaa, na nasema mbele yenu wote kwamba hiyo ndiyo miaka tuliyokuwa ndugu, kwa kuwa kwenye mkaa kila mtu anakosea na moshi unaficha.

Tarehe 14 Machi 2011 tuliingia kwenye umeme. Marehemu alipata tanuri lililotumika katika chuo cha wafinyanzi, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni, lenye kuta nyeupe na nyaya zilizojisokota kandokando, tukalishusha kwenye gari watu wanne, mimi nikiwa upande mzito, ingawa wale watatu nao kila mmoja anasema hivyo hivyo. Kwa mlio na kisu mezani tu, nieleze kwamba bapa likishachongwa bado ni laini, ukilikazania linapinda kama kijiko, hadi lipikwe, yaani liingie tanurini liwe jekundu la kung'aa, likae hapo dakika zake, litolewe lizamishwe kwenye mafuta, ndipo likaze. Likiwa jekundu vile halina nguvu yoyote, kilicholibeba kikilegea nalo linalegea nacho, na likizamishwa limepinda, basi limepinda. Hapo ndipo kichanja kinapohusika, na hapo ndipo shemeji na mimi tulipoachana njia.

Kichanja cha kwanza nilikichomelea siku hiyo hiyo kwa saa moja na robo, muda ambao hakuna mchomeleaji hapa atakayeufikia, kwa waya mnene niliokuwa nao uani, unang'aa, mzuri wa macho. Kilichoung'arisha ni ngozi ya zinki, nakubali, sikulifikiria hilo. Tanuri lilipofika katikati ya safari yake likatoa moshi mweupe wenye utamu mbaya mdomoni, marehemu akazima umeme, akafungua kila kilichofunguka, akanitoa nje kwa kola.

"Cheche, umeniwekea nini humo ndani?"

"Waya, shemeji."

"Waya wa nini?"

"Wa kuzungushia kuku."

"Mimi ni kuku?"

Alikohoa siku tatu, na tangu hapo wapo walionong'ona, wengine wamekalia viti vyetu sasa hivi, kwamba moshi ule ndio uliomuua. Nilimuuliza daktari mbele ya mashahidi wawili. Daktari alisema moyo wa marehemu ulikuwa umepanuka kwa sababu zake wenyewe, na moshi wa siku moja miaka kumi na miwili iliyopita haumo. Mashahidi ninao, mkitaka waitwe waitwe.

Kichanja cha pili nilikitengeneza kwa pembe nene za chuma cheusi, zile za mageti, maana nilijiambia kitu kinene hakilegei. Hakikulegea kweli. Kilibanduka magamba, kila kikipata joto kinavua ngozi kama nyoka, magamba yakaangukia nyaya, na tarehe 2 Mei 2011 waya mmoja ukakatika. Na unene wake ulikuwa na dhambi nyingine, ulikuwa unajinywea joto wenyewe kwanza, kwa hiyo pale bapa lilipokalia chuma palichelewa kuiva. Marehemu alichukua tupa, akaipitisha kwenye makali polepole, ikateleza, ikang'ata, ikateleza, ikang'ata, akaniwekea sikioni.

"Sikia. Hapa gumu, hapa laini, hapa gumu, hapa laini. Nimekuomba kisu, umenipa kinanda."

"Ungeacha joto liingie vizuri, shemeji."

"Nikiacha, ncha inaungua. Ncha ni nyembamba, Cheche, haisubiri kichanja chako kishibe."

Cha tatu kilikuwa cha stenlesi, fito nyembamba, ngazi mbili, miguu minne, na hicho nasema bila kutia chumvi kilikuwa kizuri kuliko kitanda ninacholalia. Hakikutoa moshi wala magamba, kilibadilika rangi tu kikawa kama shingo ya njiwa, na baada ya kupika mara nane marehemu alikitazama akasema, "Hiki angalau." Sikilizeni vizuri, katika miaka ishirini na sita hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kunipa. Hiki angalau. Nilikwenda nayo nyumbani nikamwambia mke wangu, akaniuliza angalau nini, nikazima taa, na usingizi ulikuwa mzuri.

Tarehe 22 Novemba 2011 aliyalaza mabapa ishirini na manne ya wachinjaji juu ya kichanja hicho, kumi na mawili kila ngazi, akafunga mlango. Alipofungua, fito za juu zilikuwa zimebonyea katikati kama kitanda cha kamba, na mabapa yote yamefuata, akayatoa akayazamisha kwa sababu hakukuwa na la kufanya, na yote ishirini na manne yakatoka kama ndizi. Mwenyekiti wa wachinjaji alikuja asubuhi yake, akachukua moja, akalilenga kwa jicho, akasema kwa upole, "Na hiki nitakatia nini, kona?"

Alipoondoka ndipo tuliposema yale ambayo hayakurudi tena mdomoni.

"Kichanja chako kimelala, Cheche."

"Umekipakia kama lori."

"Kichanja ni cha kubebea. Kama si hivyo, ni cha nini?"

"Na wewe ulikiacha dakika arobaini. Hata mimi ungeniacha humo dakika arobaini ningelala."

"Wewe unalala hata nje yake."

Mimi nilishika msimamo kwamba kosa ni lake, la mzigo na muda, yeye akashika kwamba kosa ni langu, la chuma chembamba, na tulifanya kazi wiki sita kuyarudia mabapa yale, bega kwa bega, bila kuambiana hata nipishe.

Tarehe 9 Januari 2012 alikuja na tofali. Nasema tofali, ndugu waombolezaji, lile jeupe jepesi wanalojengea kuta za ndani za matanuri, ambalo unalibeba kwa vidole viwili, akakaa kwenye kigoda, akalikata mipasuo kwa msumeno wa mkono kama anakata mkate, akasimamisha mabapa humo, mgongo chini, makali juu, kila moja peke yake na hewa yake, kama vitabu kwenye kabati. Mimi nilisimama juu yake nimefunga mikono.

"Shemeji, ile miaka miwili ya chuo ndiyo walikufundisha kupanga visu kwenye tofali?"

"Walinifundisha nisiweke kitu laini kibebe kitu laini."

"Na cheti chenye kioo juu."

"Kioo kinafutika," akasema, akapuliza vumbi la tofali usoni kwangu, kwa bahati mbaya, alisema.

Tofali lile lina kasoro na nitazitaja zote, kwa kuwa yeye hakuzitaja. Linamomonyoka, kila miezi minne kingo za mipasuo zinakuwa kama meno ya mzee na inabidi likatwe jipya, chengachenga zake zinanata kwenye mgongo wa kisu, ukiligonga limevunjika, na ukikosea upana wa mpasuo umeharibu, mpana sana bapa linaegama, mwembamba sana linabanwa na kupinda hapo hapo lilipobanwa, na namna ya kuupata upana wenyewe alikuwa nayo yeye kidoleni, hakumwambia mtu. Na ndiyo, nalisema kabla shangazi hajasimama, mabapa yalitoka yamenyooka, mwaka wa kwanza, wa pili, na mingine yote.

Lakini mimi sikukaa bure. Tarehe 30 Mei 2014 nilipata fito zilizotoka kwenye tanuri la kiwanda cha vioo lililokuwa linabomolewa, chuma ambacho kimekaa motoni miaka ishirini na bado kimenyooka kama askari, nikatafakari siku nne na kuchomelea kichanja cha nne siku saba, safari hii kikiwa na vishikizo vya kusimamisha mabapa, siyo vya kuyalaza, nikampelekea. Alikigeuza, akakipiga kucha, akakisikiliza kinavyolia, akapitisha kidole kwenye kila kiungo.

"Umechomelea vizuri," akasema.

Moyo ulinidunda kama wa kijana wa posa.

"Kitafaa," akasema, akachukua msumari, akaupigilia ukutani kando ya dirisha, akakitundika, akaanika juu yake matambara ya kufutia mafuta.

Kimekaa hapo miaka tisa. Hakukiingiza tanurini hata mara moja, hata tanuri likiwa tupu, hata kwa bapa bovu la kutupa, na nilipomuuliza sababu alisema, "Nina kitu kinachofanya kazi. Nijaribu kingine ili iweje?" Hilo ndilo sijamsamehe. Angekijaribu kikashindwa, ningenyamaza, mnanijua, au hamnijui, lakini ningenyamaza. Mtu aliyeuliza nyuzi za chai ya mke wake hakutaka kujua nyuzi za chuma changu.

Tarehe 1 Februari 2016 binti yake aliingia karakana akiwa na miaka ishirini na mmoja, akajifunza kuchonga bapa kwa haraka na utulivu kuliko sisi wote wawili, na kuanzia hapo akawa daraja letu la kusemezana. Marehemu alikuwa anasema, "Mwambie mjomba wako alete tupa," nami nipo hatua mbili. Binti alikuwa anajibu, "Baba, anakusikia." "Najua anasikia, tatizo lake halijawahi kuwa masikio." Alimfundisha kuchonga, kunoa, kuweka mpini, kupima mafuta. Tofali hakumwachia alikate. Alisema wakati wake bado.

Maradhi ya marehemu yalianza mwezi Februari 2022, alipopanda ngazi tatu za karakana akaketi kwenye ya pili, akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alitibiwa kwa kwenda na kurudi, akaambiwa aache kazi za joto, akaitikia vizuri sana, kesho yake akawasha tanuri. Tarehe 6 Agosti mwaka huu alilazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Dada yangu alikuwa ameshuka kufua shuka, binti alikuwa karakana akichonga mabapa ya wachinjaji, chumbani nilikuwepo mimi. Marehemu alinishika mkono, akanitazama vizuri, akasema, "Shemeji, chuma chako kilikuwa sawa. Mwambie binti akiteremshe." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na nilimfikishia binti siku hiyo hiyo kwenye ngazi za hospitali, aliponiuliza, "Mjomba, baba alisema tutumie kipi?"

Familia inatoa shukrani kwa madaktari wa wodi namba tatu, na kwa muuguzi wa zamu ya mchana, ambaye kila alipompima joto marehemu hakupewa ruhusa ya kuondoka bila kutaja nyuzi na nukta zake. Tunawashukuru majirani, mwenye duka la rangi na fundi saa, waliofunga milango yao kwa siku mbili bila kuombwa, tunawashukuru wenzake wa kiwanda cha springi waliofika wakiwa wanane kati ya wale waliobaki, tunawashukuru wachinjaji waliobeba jeneza, na mwenyekiti wao ambaye hadi leo ana lile bapa la ndizi kwenye droo ya ofisi yake, na kila tukigombana hulitoa, tunamshukuru kwa shingo upande.

Hapo ndipo historia ilipoishia jana asubuhi, shangazi alipoisoma. Karatasi hii ya mwisho nimeiandika leo kulipokucha, na ile iliyotangulia ningeichana, ila shangazi ameshaisoma, na kuna watu nimeshawahadithia, mmoja wao ana shati la kijani.

Jana saa tisa alasiri nilipita karakana. Binti ameyatoa matofali yote tanurini, ameyapanga nje chini ya dirisha, ameyafunika kwa koti la kazi la baba yake ili yasinyeshewe, ingawa mvua hakuna. Kichanja changu kipo mezani, amekisugua kwa brashi ya waya mpaka mafuta ya miaka tisa yametoka, kimekuwa kipya. Mabapa thelathini na sita yamepangwa kando, yamechongwa sawasawa, sijaona mchongo kama ule. Nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi kwa muda wa kuvua kofia na kuitundika. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, akiendelea kusugua, "Mjomba, aliposema akiteremshe, alitabasamu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilijua tu iko siku angekupa haki yako." Akakaa chini kwenye kigoda cha baba yake, akalia kwa furaha kwa ajili yangu, kwa ajili yangu mimi, na mimi nikatoka nje kuyatazama matofali.

Chuma kile sijui kama kitabeba. Hakuna anayejua, kwa sababu marehemu hakukijaribu, na mabapa ya wachinjaji si ya kujaribia, wala jina la binti katika siku yake ya kwanza si la kujaribia. Huo ndio ukweli, na unaniuma.

Mjomba wako anakwambia sasa, mama, mbele ya watu wote hawa. Alhamisi ile baba yako alikuwa na kadi ya kliniki, ile ngumu ya rangi ya waridi, akaikunja mara moja, akaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akasema, "Mipasuo, Cheche. Upana ni unene wa bapa na hii. Asizidishe. Mwambie sasa anaweza." Nikamwambia nitamwambia. Nikamuuliza, "Na kichanja changu je?" Akafumba macho akasema, "Cheche, niache nipumzike." Sikumwacha, nilimuuliza tena, na mara ya pili hakunijibu, nikadhani amenuna kama kawaida yake, nikanuna na mimi, tukakaa hivyo, sijui kwa dakika ngapi, mpaka muuguzi alipoingia na kipimajoto.

Kadi hii hapa, haijakunjuliwa. Njoo uichukue nikimaliza, msumeno upo nyuma ya mlango wa karakana, nimeunoa asubuhi, nawe una siku mbili za kukata.

Nimekuacha, shemeji, pumzika kwa amani yako. Neno lile la chuma nililitunga mimi. Mengine yote niliyaona.